Sungura Hajawahi Kutubu

Sungura hajawahi kutubu. Nimezipitia hadithi zake zote ninazozijua, za Kiswahili za shuleni na za Kijaluo za nyumbani, na sijapata hata moja ambamo anarudi kwa Fisi kumwambia pole ndugu, nilikukosea. Anaiba asali, anakunywa maji ya kisima ambacho hakuchimba, anamwacha mwenzake matatani, hadithi inaisha, watoto wanapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kinachonisumbua ni kwamba tulikuwa tunapiga makofi hayo Jumamosi usiku, halafu Jumapili asubuhi tunakaa kwa benchi la kanisa kuambiwa uongo ni dhambi, na hakuna aliyeona shida.

Nililelewa na dani, nyanya yangu, Kisumu Ndogo kule Kibera, kwa chumba kimoja cha mabati. Stima ikipotea, na ilipotea sana kwa sababu yenyewe ilikuwa ya kuunganishwa, ndiyo ilikuwa saa ya sigana. Apwoyo, yaani Sungura, na Ondiek, yaani Fisi. Dani alikuwa na sauti mbili: ya Apwoyo nyembamba, ya haraka, kama makanga anayeita abiria, ya Ondiek nzito, ya mtu mwenye njaa. Juu ya kabati kulikuwa na Biblia ya Kijaluo imefungwa kwa karatasi ya plastiki isiloe mvua. Alisoma hiyo pia, kwa sauti yake ya tatu. Kwake vitabu hivi viwili, kile cha karatasi na kile cha kichwani, viliishi chumba kimoja kama sisi tulivyoishi, wakipishana tu.

Siku hizi naishi Kawangware, upande wa Gatina, na kila Jumapili nafundisha vijana wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, kwa kanisa moja dogo karibu na steji ya 56. Mwaka jana tulikuwa tunasoma Mwanzo, mlango wa 27. Isaka amezeeka, macho yameisha, anataka kumbariki Esau mkubwa. Rebeka anapika mbuzi, anamvisha Yakobo nguo za kaka yake, anamfunga ngozi ya mbuzi mikononi na shingoni. Mzee anauliza, wewe ni nani? Yakobo anajibu kwamba yeye ni Esau. Kijana mmoja wa nyuma, yule ambaye huwa naamini halali tu kwa sababu anatafuna njugu, akainua mkono. "Mwalimu, sasa si huyu Yakobo ni Sungura tu?"

Darasa likacheka. Lakini hebu mwangalie vizuri. Ni mdogo kwa mzaliwa wa kwanza, hana nguvu za kuwinda, anakaa nyumbani na mama, anashinda kwa akili na maneno. Na Esau ni Fisi mtupu: ana manyoya, anatoka porini na njaa, anauza haki yake ya kuzaliwa kwa sahani ya dengu. Ungekuwa Kibera ungemwelewa, saa saba mchana harufu ya dengu na chapo si mchezo. Lakini ndiyo hivyo, ni Fisi. Hata jina la Yakobo limetokana na kushika kisigino cha mwenzake wakitoka tumboni. Kijana wa njugu alikuwa ameona kitu ambacho walimu wangu wote wa dini walikuwa wamekipita mbio.

Ukishaona hivyo, huwezi kuacha kuona. Shifra na Pua, wale wakunga wa kitabu cha Kutoka, wanaambiwa na Farao waue watoto wa kiume wa Waebrania. Hawaui. Wakiulizwa, wanasema wanawake wa Kiebrania wana nguvu, wanajifungua kabla mkunga hajafika. Uongo mtupu, na wa kuchekesha pia, na Mungu anawatendea mema. Raheli anaiba miungu ya baba yake, anaikalia juu ya tandiko la ngamia, anasema hawezi kuinuka kwa sababu yuko kwa siku zake. Daudi anajifanya mwendawazimu mbele ya mfalme wa Gathi, mate yanamtiririka ndevuni. Rahabu wa Yeriko anawaficha wapelelezi darini, anawaambia askari wa mfalme wakimbie haraka watawapata njiani. Na Yesu mwenyewe, katika Luka 16, anasimulia habari za wakili aliyejua anafutwa kazi, akaita wadeni wa bosi wake mmoja mmoja na kuwapunguzia madeni kwa hesabu za kughushi, na bosi akamsifu kwa ujanja wake. Nimesikia mahubiri mengi Nairobi. Hayo ya Luka 16 nimeyasikia mara moja tu, na mhubiri alikuwa anatoka jasho.

Rafiki yangu mmoja Mnubi wa Makina, tuliyesoma naye, aliniambia kwao ni hivyo hivyo. Katika Surat Al-Anbiya, Ibrahimu akiwa kijana anayavunja masanamu ya watu wake yote isipokuwa kubwa. Wakimuuliza nani kafanya hivi, anawaambia ni huyu mkubwa wao, muulizeni kama anaongea. Ukimsimulia mtoto wa Kibera kisa hicho bila kutaja jina, atakwambia hiyo ni ya Sungura. Na wanazuoni wa Kiislamu hawakukikwepa. Kuna hadithi ya Mtume inayokihesabu kisa hicho kati ya mara tatu ambazo Ibrahimu alisema lisilo kweli.

Kuna mtu mmoja ambaye namfikiria sana hapa, Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu. Alikaa na Waswahili, akaandika walichosimulia, na mwaka 1870 akachapisha London kitabu cha hadithi hizo. Humo mna Sungura anayemdanganya Buku kwamba asali ya juu ya mbuyu ni urithi wa baba yake, kumbe ni ya Simba; Simba akija, Sungura anaponyoka, Buku anabaki kujibu maswali. Mna pia Kima aliyemwambia Papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani juu ya mti, hadithi iliyosafiri kutoka India kupitia Kiarabu cha *Kalila wa Dimna* hadi ikatua pwani yetu. Steere huyohuyo ndiye aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja, na kusimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Yaani kalamu moja. Asubuhi Mathayo, jioni Sungura. Ningependa kujua kama kuna siku alichanganya karatasi.

Sasa, kuna jibu la haraka ambalo watu wa rika langu tunalipenda, na nililipenda pia: Sungura ni mnyonge, na mnyonge ana haki ya ujanja. Ngũgĩ wa Thiong'o katika *Decolonising the Mind*, mwaka 1986, anakumbuka hadithi za jioni za utoto wake na kusema Sungura ndiye aliyekuwa shujaa wao, kwa sababu ni mdogo na dhaifu lakini ana akili; watoto walijiona ndani yake. Jibu hili lina ukweli. Wakunga walikuwa mbele ya Farao. Rahabu alikuwa kahaba kwenye ukuta wa mji. Ukiwa chini, ukweli wote ni mali ya aliye juu yako, anaweza kuudai kwako wakati wowote: nani amelala hapa jana, kodi iko wapi, kitambulisho. Anayeulizwa maswali kila siku hujifunza kujibu kwa pembeni.

Lakini jibu hili lina tundu, na Nairobi nzima inapitia hapo. Kila mtu mji huu ni Sungura machoni pake mwenyewe. Kuna ajenti mmoja wa nyumba hapa Kawangware aliyepokea deposti ya chumba kimoja kutoka kwa watu watano. Watano! Mmoja wao ni mama anayeuza sukuma wiki, alikuwa ameweka hizo pesa kwa chama miezi minane. Siku ajenti alipopatikana, hakusema samahani. Alisema mji huu usipokuwa mjanja utaliwa. Aliamini kabisa kwamba yeye ndiye mdogo kwenye hadithi. Ukimsikiliza landilodi atakwambia yeye ndiye mdogo, kaunti inamnyonya. Ukimuuliza wa kaunti atakwambia kuna wakubwa zake.

Jomo Kenyatta alitumia hadithi ya wanyama katika *Facing Mount Kenya*, mwaka 1938, kueleza ukoloni. Tembo anamwomba Mtu aingize mkonga tu kwenye kibanda, mvua inanyesha. Mwishowe Tembo yuko ndani na Mtu yuko nje. Simba anaunda tume ya kuchunguza, wajumbe wote ni wanyama, na tume inaona Tembo ana haki. Mtu anajenga vibanda vingine, vyote vinachukuliwa, hadi anajenga kimoja kikubwa, wanyama wanaingia wote kukigombania, naye anakichoma moto wakiwa ndani. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama kwa furaha. Kisha nikakumbuka kwamba msimulizi alikuja kuwa rais, na swali la nani ana kibanda halikuisha hapo. Julai 2018 niliona tingatinga zikipita Kibera kubomoa nyumba na shule, ili barabara ipite kutoka Ngong Road hadi Langata. Hata Wanubi, waliowekwa pale na Waingereza tangu mwanzo wa karne iliyopita, walingoja hadi 2017 kupata hati ya ekari 288. Wakati wote huo kila serikali ilijiona ni Mtu. Hakuna iliyojiona ni Tembo.

Kwa hiyo nilirudi kwa hadithi zenyewe, na hapo ndipo nilipogundua kwamba wazee wetu walikuwa wameliona tundu hilo kabla yetu. Chukua ile ya kisima. Kiangazi kimekuja, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima pamoja. Sungura anakataa, ati ana shughuli. Maji yakipatikana, anakuja usiku kuyaiba, na kila mlinzi anayewekwa anamdanganya, hadi Kobe anapopakwa ulimbo na kujilaza chini ya maji. Sungura anakanyaga, mguu unanata, anapiga ngumi, ngumi inanata. Hadithi hii ilivuka bahari na watu waliouzwa, na Marekani ikawa ya mwanasesere wa lami. Lakini isome ukiwa Kibera! Ukiwa na mtungi wa lita ishirini, bomba limekauka wiki ya pili, na unajua kuna watu wamekata paipu kubwa usiku ili wakuuzie asubuhi kwa bei mara nne. Hao ni Sungura. Hawakuchimba, na maji ni yao. Katika hadithi hii Simba hayuko juu akionea mtu. Aliyeibiwa ni Kobe, na Swara, na kila aliyeshika jembe. Na watoto, nimewajaribu darasani, hawapigi makofi kwa Sungura. Wanampigia Kobe.

Na kuna ile mbaya zaidi, ya Sungura na Fisi kukubaliana kila mmoja amuue mama yake wakati wa njaa. Fisi anaua kweli. Sungura anamficha wake, anakwenda kula kwake kila siku. Dani aliisimulia hiyo mara chache, na akiimaliza hakucheka. Alikuwa ananyamaza kidogo, halafu anasema tulale.

Biblia nayo, ukimfuata Yakobo hadi mwisho, ina hesabu kali kuliko mahubiri. Aliyemdanganya baba kipofu gizani anadanganywa gizani: usiku wa harusi Labani anamwingizia Lea badala ya Raheli, na asubuhi analalamika kama kwamba hajawahi kusikia jambo la aina hiyo. Aliyetumia ngozi ya mwana-mbuzi kumlaghai baba yake analetewa kanzu ya Yusufu imechovywa damu ya mbuzi, na wanawe wenyewe wanamwacha aamini. Halafu kule Yaboki, akishindana usiku kucha na yule asiyemjua, anaulizwa jina lake. Mara ya mwisho alipoulizwa swali hilo, kwa baraka, alijibu Esau. Safari hii anasema Yakobo. Anatoka pale anachechemea.

Nilipowasomea vijana sehemu hii, kijana wa njugu aliuliza kitu kingine ambacho bado sijakijibu. "Na Lea je? Yeye alikosa nini?" Hakukosa kitu. Baba yake alimtumia kama ngozi ya mbuzi. Kuanzia hapo nimeanza kusoma visa hivi nikimtafuta huyo: aliyebaki juu ya mbuyu na Simba chini, mama sukuma na deposti yake, Lea asubuhi ya kwanza. Ujanja ninaouheshimu ni ule ambao mjanja mwenyewe ndiye angelipa kama ungegunduliwa. Rahabu angekufa. Wakunga wangekufa. Ajenti alikuwa ameshapanga nani alipe.

Nafikiri hivyo, na kwa muda nilidhani nimemaliza. Tatizo ni kwamba namjua mtu aliyefanya ujanja wa Rahabu, na yeye hakubaliani na mimi.

Nitamwita Anti tu. Alikuwa jirani yetu Kisumu Ndogo, muuza samaki, rafiki ya dani. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na jioni hiyohiyo Kibera ikawaka. Soko la Toi liliteketea. Siku zilizofuata reli iling'olewa. Kwenye ploti yetu kulikuwa na fundi wa viatu ambaye jina lake la pili lilitosha kumuua. Anti alimweka nyuma ya pazia, chini ya kitanda, akarundika ndoo za samaki mbele. Vijana walipokuja na mapanga, baadhi yao aliwajua tangu wakiwa na kamasi, walimuuliza. Akasema fundi ametoroka asubuhi, ameelekea Kawangware kwa ndugu zake, mkikimbia mtampata Ngong Road. Kiongozi wao hakuridhika. Akachukua Biblia ya Anti mezani, akamwambia aape. Anti akaweka mkono, akaapa. Mimi nilikuwa mtoto mlangoni kwetu, nilisikia kila neno.

Fundi yuko hai. Ana kibanda Kawangware, kweli.

Anti hajagusa meza ya Bwana tangu siku hiyo. Sahani ya mkate ikipita, anaipitisha. Si kwamba kuna mchungaji aliyemkataza. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba hakuna dhambi pale. Mimi pia nilijaribu, nikiwa na vitabu vyangu vyote. Nilimwambia kuhusu Rahabu. Nilimwambia Al-Ghazali aliandika kwamba kama ukweli utamwaga damu ya asiye na hatia anayejificha kwa mdhalimu, basi kudanganya ni wajibu. Nilimwambia kuna mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1797 kuhusu mlango kama wake, mwuaji akiuliza rafiki yako yuko wapi, na akasema hata hapo usidanganye, na kwamba nadhani Kant hakuwahi kufikiria mlango wa bati. Alicheka hapo. Nikamwambia kuhusu Agostino, mwenzetu Mwafrika wa Algeria ya leo, aliyechukia uongo hadi akaandika kitabu dhidi yake mnamo mwaka 420, na akifika kwa Yakobo na ngozi za mbuzi akasema ule haukuwa uongo, ulikuwa fumbo.

"Fumbo?" Anti akaniuliza. Alikuwa anaparua samaki. "Huyo alikuwa anaogopa nini kuuita uongo?"

Nikasema labda hakutaka mzee wa imani aonekane mbaya.

"Mimi nilidanganya, nyathina. Niliweka mkono juu ya kitabu nikadanganya. Ukiniambia haikuwa uongo, basi sikufanya kitu siku ile. Nilifanya. Nilijua ninachotoa."

Tangu hapo nimekaa na maneno hayo, na nimeona kwamba sisi wasomaji, wa kanisani na wa mitandaoni, tuna haraka ya kumsafisha mtu. Tunataka Yakobo awe mtakatifu au awe konkodi. Agostino akabadilisha jina la tendo. Sisi tunabadilisha jina la mtendaji: ni mnyonge, kwa hiyo ni safi. Anti amekataa yote mawili. Anasema uongo ulikuwa uongo, na ulikuwa lazima, na gharama yake ni yake, hatamtumia fundi bili wala hatamtumia Mungu. Sijui kama yuko sahihi kuhusu mkate. Nadhani hayuko. Nadhani kama kuna mtu Nairobi anayestahili kuuchukua kwa mikono miwili ni yeye, na nimemwambia hivyo, na amenijibu kwamba kustahili siyo hesabu anayopiga.

Nilimuuliza kama angefanya tena.

"Hata leo jioni."

"Na meza?"

"Niachie hiyo. Nipe hicho kisu kingine, hiki kimekufa makali."